Nani amesha kuchora mgongo (upande wa juu) wa kayaki ya mbao, ule mtumbwi mwembamba wa kasia? Tupeane uzoefu

Mutoto wa Himbi: Leo pembeni ya ziwa nimeona kayaki ya mbao, mgongo wote ni pembe za nyekundu na nyeupe, njo nikakumbuka yangu inalala tu bila hata musitari. Niko na libuyu (mbao nyekundu) na sipre (mbao nyeupe), vibao vya milimita 6. Munaanzaga wapi?

Fundi Birere: Na karatasi, si na pinso ya rangi. Piga musitari wa katikati toka pua mpaka mukia, chora nusu moja, kunja, pindua upande wa pili. Kisha lalisha karatasi juu ya kayaki yenyewe mbele ya kukata, sababu mgongo umepinda, mraba ulikuwa sawa mezani ukifika pale pa kukalia unakuwa umelewa.

Dada Kadutu: Kulewa kabisa 😂

Papa Rafia: Yangu niliweka deseni ya Wakuba, ile ya nguo za rafia, pembe ndani ya pembe. Muzuri sana.

Wa Idjwi: Wakuba ni ba Kasai papa, weye uko Kivu. Weka ile mitumbwi mitatu ya wavuvi wetu, inayofungwa pamoja.

Papa Rafia: Kwani libuyu ilimea kisiwani Idjwi? Wacha hizo.

Yaya Mapendo: Ngojeni niwapatie ya kaka yangu fundi. Client alitaka mgongo mweusi tii na nyota nyeupe, kaka akamwambia nyeusi inavuta jua, akajibu mi njo nalipa. Vile vyumba vya hewa vya mbele na nyuma navyo akataka vizibwe kabisa, ati maji yasiingie. Haya, epoksi (ile gundi ya kung'arisha) ikapita, inangaa unajiona meno. Saa sita ya mchana wakailaza juu ya mawe ya lava, moto chini moto juu, sisi tunakula, tukasikia PAA! Goma munajua, tukadhani ni risasi, batu bote chini, mama wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, akaacha kikaango, motari akatupa pikipiki yake, hakuna anayeinua kichwa. Kumbe ni kayaki! Hewa ilivimba ndani ikapasua palepale kwenye maungio ya nyota. Na client anamulilia kaka!

Duka la Kona: Ile PAA ndiyo hiyo?? Sisi tulifunga duka siku nzima!

Fundi Birere: Chumba kinatakaka kitundu kidogo kama cha sindano, hewa ipumue. Na nyeusi iishie kwa musitari mwembamba.

Dada Kadutu: Mi naona weka nyeusi tu, ufunike na bâche (turubai) 😂

Muchoraji wa Nguba: Mwenye swali, lowanisha mbao na maji kwanza, ile rangi unaona ndiyo itatoka chini ya epoksi. Kama utatia rangi, jaribu kwa kipande cha kutupa, zingine zinatambaa chini ya skochi (utepe wa gundi) zinaharibu pembe. Na epoksi peke yake jua linaila, pitisha verni ya kuzuia jua juu yake.

Wa Idjwi: Na mitumbwi mitatu.

Papa Rafia: Huyu naye!

Mutoto wa Himbi: Asanteni, kesho natafuta karatasi. Yaya, na zile sambaza ziliungua?

Yaya Mapendo: Tulikula hivyohivyo, mama alikataa kupunguza bei.