Msipande Bolivia kutokea San Pedro: walivyomlaza shemeji yangu mita 4,300 na mtungi mtupu wa oksijeni

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni, mlima Kilimanjaro na mbuga za kaskazini, kwa hiyo nikiongelea mwinuko siongelei habari za kusimuliwa. Mwezi wa tano huku kwetu mvua, mlimani hakuna kazi, nikaungana na dada yangu na mumewe kwenda Amerika ya Kusini. Wao wanaishi Hispania, dada Kihispania kimekaa. Tukanunua ile safari maarufu ya siku tatu na usiku mbili: unatokea San Pedro de Atacama upande wa Chile, unavuka mpaka, unapita maziwa ya rangi ndani ya hifadhi ya Eduardo Avaroa, unamalizia kwenye uwanda wa chumvi wa Uyuni. Kampuni siitaji, nafuatilia hela na sitaki uzi ufungwe.

Pale ofisini San Pedro nilimbana binti wa mapokezi kwa maswali. Kila gari lina oksijeni? Lina. Tutapata mtu anayeongea Kiingereza? Mtapata. Mgeni akizidiwa mnampeleka wapi? Hapo akacheka. "Hakuna anayezidiwa, si mnakaa kwenye gari tu."

Mnakaa kwenye gari tu! Jamani, gari ndiyo hatari yenyewe. Mtu anayetembea kwa miguu mwili wake unamkatalia mapema, anapunguza mwendo, anakaa chini. Aliye kwenye kiti anapandishwa kama mzigo, na mwili unakuja kushtuka usiku, saa ambayo dereva kalala.

Fanyeni hesabu pamoja nami. San Pedro iko kama mita 2,400. Asubuhi basi dogo linakupandisha hadi mpakani Hito Cajón, kilomita 45 hivi, na ukishuka kugonga pasipoti tayari uko karibu mita 4,500. Hata saa nzima haijaisha. Hapo unahamishiwa kwenye Land Cruiser ya Bolivia. Unapita Laguna Blanca na Laguna Verde, unaoga maji moto Polques, halafu mnapanda kwenye matope yanayochemka ya Sol de Mañana, karibu mita 4,900. Jioni unalala jirani na Laguna Colorada, mita 4,300 kasoro kidogo.

Wanaojua njia ya Marangu ya Kilimanjaro, yenye vibanda vya kulala Mandara, Horombo na Kibo kwa mpangilio wa kupanda, wataelewa haraka. Ni kumtoa mgeni Mandara asubuhi, Horombo hata chai asinywe, mchana umpitishe juu kuliko kibanda cha Kibo, kisha umlaze pale Saddle, uwanda ulio kati ya Horombo na Kibo. Sisi mtu akifanya hivyo leseni inaondoka. Kanuni inayofundishwa duniani kote ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Hawa wanapandisha karibu 1,900, kila siku ya Mungu, na watu wanapiga picha.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo sikulielewa mpaka nilipofungua ramani usiku ule. Kilimanjaro mgeni akizidiwa, unamgeuza. Chini kupo, unaweza kumbeba kwa machela na baada ya saa chache ameshuka mita elfu. Kule ni uwanda wa juu, nchi tambarare iliyoinuka yote kwa pamoja. Ukiwa Laguna Colorada na unataka kurudi San Pedro, njia inakupitisha tena Sol de Mañana, mita 4,900, ndipo ufike mpakani, na mpaka usiku umefungwa. Ukienda kaskazini, mji wenye hospitali ni Uyuni, saa nyingi za barabara ya vumbi, na Uyuni kwenyewe ni mita 3,650 na ushee, yaani karibu sawa na Horombo. Hiyo ndiyo "chini" yenu. Sasa mtu anayejua hivyo anapangaje usiku wa kwanza uwe pale?

Dereva simlaumu sana. Ndiye dereva, ndiye mpishi, ndiye fundi, ndiye mwongozaji, na Kiingereza hana hata cha salamu. Dada ndiye alikuwa mkalimani wa gari zima, abiria sita, kazi ya bure. Kijana kapewa gari, mfuko wa vyakula na majani yake ya koka shavuni, kaambiwa fikisha watu. Koka kule ni halali na inasaidia kichwa kidogo, chai yake hata mimi nilikunywa. Lakini koka siyo oksijeni.

Maelezo ya njiani, sifuri. Laguna Verde tumeifikia asubuhi haina kijani chochote, maji yametulia, mlima Licancabur unajitazama ndani yake, watu wakaanza kunung'unika kwamba wamedanganywa. Kumbe yale maji yana madini, arseniki ikiwemo, na upepo ukianza kuyavuruga ndiyo rangi inatoka. Kusubiri upepo? Hapana, dakika kumi, twende. Huo uchawi wote nimekuja kuusoma mwenyewe baadaye.

Ila Colorada ndipo dereva aliponichefua. Ziwa jekundu kwa mwani na mashapo, visiwa vyeupe vya boraksi, madini kama chumvi, katikati, na flamingo. Flamingo wa aina tatu ndani ya ziwa moja! Yupo wa Chile, yupo wa Andes, na yupo wa James, ambaye wataalamu walishamwandika kwamba ametoweka duniani mpaka alipoonekana tena kwenye eneo hilihili miaka ya 1950. Mimi ninayepeleka wageni Natron na Manyara nilikuwa tayari kukaa pale hadi giza. Wengi huhama baridi ikianza, waliobaki walikuwa kikundi kidogo kwenye maji ya kina kifupi. Dereva akasogeza gari hadi ufukweni akapiga honi. Mara mbili! Ili waruke, abiria wapate picha. Ndege wanaohangaika kula kabla ya usiku wa barafu, unawarusha kwa honi. Kiingilio cha hifadhi nimelipa bolivianos 150 taslimu, nikamtafuta askari wa hifadhi wa kumlalamikia, sikumwona.

Tukaingia kwenye nyumba ya kulala. Kuta za matofali, vitanda vya saruji, hakuna joto, umeme unazimwa mapema, mtandao hakuna. Hayo yote sawa, nimelala pabaya zaidi.

Shemeji alikataa chakula. Kichwa kinamuuma, kawaida. Akatapika, nayo bado naielewa. Saa nne usiku dada ananigonga: mumewe anaongea maneno hayaeleweki. Nikamwamsha atembee kwa kuunganisha kisigino na kidole kwenye mstari wa sakafu, akaenda kama aliyekunywa, akaangukia ukuta. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, ninayo begani siku zote: asilimia 66, akiwa amekaa. Wenzangu wa mlimani mnajua hapo hakuna cha kusubiri asubuhi, ubongo unavimba.

Nikamwamsha dereva, leta oksijeni. Akaleta mtungi kweli, mtungi mzuri tu, umefungwa kamba nyuma ya kiti. Mshale wa geji uko kwenye sifuri. Nikaufungua, kimya. Barakoa yake haikuwepo. Nikamuuliza umejazwa lini, akamwambia dada kwamba ulikuwa hivyo alipokabidhiwa gari, na kwamba wageni hupenda kuuona.

Wageni hupenda kuuona. Someni tena hapo.

Simu ya setilaiti hana. Akasema tulale, kesho atakuwa mzima, wote huwa hivyo. Nikapita chumba kwa chumba kwa madereva wa kampuni nyingine. Mzee mmoja, Mungu ambariki, alikuwa na mtungi wenye robo, akautoa bila kuuliza hela. Na mimi nina vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, kwenye kisanduku changu cha kazi. Kwa mtungi wa mtu baki na dawa zilizotoka Moshi ndivyo shemeji alivyofika alfajiri. Kampuni iliyolipwa haikuchangia hata blanketi.

Dereva naye alikubali kuondoka baada ya dada kumwambia kwamba mtu akifia humu ndani, atakayehojiwa siyo ofisi, ni yeye. Saa kumi tukaondoka kuelekea kaskazini, kupitia Alota. Abiria wengine watatu wakaja nasi, hawakunung'unika, ingawa siku yao ya pili yote ilikufa: maziwa ya Hedionda na Cañapa, mti wa jiwe, vyote. Uyuni wakamwekea oksijeni, na kesho yake alikuwa anatembea amenyooka na kuulizia chakula.

Sasa sikilizeni majibu ya kampuni. Tumeandika kudai fedha. Jibu la kwanza: safari "mliikatisha kwa hiari yenu", hakuna kurudishiwa. La pili: tulipe mafuta ya ziada na tuwafidie abiria wengine kwa usumbufu! Abiria wenyewe wameandika barua kutuunga mkono. Tukaenda mbele, danadana ikaanza. San Pedro wanasema wao wanauza tiketi tu, gari ni la mshirika wa Bolivia. Wa Bolivia anasema yeye hakuuza chochote, mkataba wenu ni na Chile. Binti wa mapokezi sasa hasomi hata ujumbe.

Kuhusu chumvi yenyewe. Mimi na dada tulikodi gari lingine Uyuni kwa siku moja, shemeji akabaki hotelini. Nisiwe mnafiki, ile kitu inaduwaza: zaidi ya kilomita za mraba 10,000 nyeupe pe, ardhi imepasuka kwa umbo la pembe sita mpaka macho yanapoishia, na katikati kisiwa cha Incahuasi kimejaa madungusikakati marefu kuliko nyumba. Lakini ule ukuta wa ofisi San Pedro umepambwa picha za kioo, mtu amesimama juu ya mawingu. Kioo kinatokea mvua ikisimama juu ya chumvi, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili. Mwezi wa tano ni kukavu. Wanajua, wanauza picha hiyohiyo mwaka mzima.

Mikanda pia niiseme. Gari la kwanza mikanda ya nyuma ilikuwa imefukiwa chini ya vitambaa vya viti, mpaka tuliposhika kisu tukaichomoa. Mwaka 2008 magari mawili ya watalii yaligongana uso kwa uso palepale kwenye uwanda wa chumvi, mahali ambapo hakuna kona wala mti, wakafa watu 13. Halafu mkanda unafukiwa kitambaa kisichafuke!

NYONGEZA, kwa waliochangia tangu jana:

Anayesema "ulitaka bei chee": haikuwa bei chee. Tulichagua ya juu ya wastani kwa ajili ya huo mtungi na huyo mtu wa Kiingereza. Na kwa taarifa yako magari ni yaleyale, mpakani nimeona abiria wa ofisi tofauti, waliolipa bei tofauti, wakipakiwa gari moja.

Anayesema Waafrika wa Pwani hatujazoea: shemeji ni mtu wa Tanga kweli, lakini aliyetapika chumba cha jirani alikuwa Mswisi. Mwinuko hauangalii kwenu ni wapi.

Aliyeuliza kama aende au asiende: nenda, ila geuza safari. Ruka au panda basi hadi Uyuni, lala pale usiku mbili tatu mwili uzoee, anza na chumvi, maziwa ya juu yawe mwisho, kisha mpaka ukutupe San Pedro mita 2,400. Njia ni ileile, magari ni yaleyale. Na kabla hujatoa hela dai kuonyeshwa mtungi wa gari lako, siyo wa ofisini, ufunguliwe usikie hewa. Wakikuambia gari liko Bolivia huwezi kuliona, umeshapata jibu.

Kwa wakuu wa sheria na benki: malipo yalifanyika kwa kadi ya benki ya Hispania, kwenye mashine ya Chile, kwa huduma iliyotolewa Bolivia. Dada amefungua dai la kurudishiwa, benki inataka uthibitisho kwamba huduma haikutolewa kama ilivyoahidiwa. Tuna risiti, karatasi ya hospitali, picha ya geji na barua za wale abiria watatu. Kuna mtu humu amewahi kushinda dai la namna hii? Karatasi za Kihispania tuzitafsiri kwanza au tuzitume zilivyo? Nijibuni hapa hapa, wengine nao wafaidike.