Mrima ichimbwe ama iachwe? Watu wa Kwale njooni hapa

Kuna ndugu yangu hapa kasema Kwale imebaki nyuma sababu watu wa Pwani wanapinga kila kitu, eti titani imeisha sasa tuwape mlima wa Mrima haraka kabla mwekezaji hajaenda kwengine. Mimi nauliza tu, tulipinga lini?

Ramisi tulilima miwa mpaka kiwanda kikafa 1988, na mwekezaji mwengine alipokuja kufufua sukari ugomvi ukarudi palepale, nani mwenye shamba na nani skwota kwenye ardhi aliyozikwa babu yake. Diani mahoteli yamejipanga ufuoni, ukivuka lami tu maisha mengine kabisa. Haya, ikaja Base Titanium, kampuni ya kuchimba mchanga wa titani, watu wa Nguluku na Maumba wakahama, meli ya kwanza ikapakia Likoni Februari 2014, mwisho wa 2024 wakafunga. Siwezi kusema hawakufanya kitu, basari zilikuwepo na ajira zilikuwepo, lakini jameni ule mchanga ndo unatoa rangi nyeupe ya kupaka nyumba, sasa nionyesheni kiwanda cha rangi Msambweni kiko wapi?? Tulichambua tukapakia, faida kubwa ikaenda kutengenezwa ng'ambo.

Na pesa je. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, ugawanywe hivi: serikali kuu 70%, kaunti 20%, jamii 10%. Kwa karatasi safi kabisa. Ile kumi yetu ikazungushwa miaka na miaka huku malori yanapita kila siku.

Sasa Mrima ina niobiamu (madini ya kuimarisha chuma) na madini adimu yanayotafutwa dunia nzima, lakini pia ni msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo. Leseni ya kampuni ya Cortec kuchimba hapo ilifutwa 2013, wakaishtaki Kenya kwa mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, 2018 wakashindwa, moja ya sababu ni kwamba masharti ya mazingira hayakufuatwa. Kwa hivyo aliyekimbilia leseni ndo aliyejiharibia, si mzee wa kaya.

Mimi sisemi isichimbwe. Nasema watu wapewe hati za mashamba kwanza, akaunti ya ile kumi ifunguliwe kabla tingatinga halijashuka, na wazee wa kaya wakae mezani wakati mkataba bado unaandikwa, sio waitwe kupiga picha. Wewe unayetaka tuharakishe niambie, hapo kipi kinamkimbiza mwekezaji?