Nilikupa laptopu ubadili pini ya chaji, nani kakutuma unipigie Windows?

Wakuu nina hasira toka Jumamosi, usingizi hauji, acha niandike tu.

Laptopu yangu ni Dell Latitude ya zamani, RAM GB 4, hadidiski ya GB 500 ile ya kuzunguka. Ni mwaka wa tano inatumia Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, maana Windows iliifanya nzito mpaka haifai kwa kazi, na tangu niweke Mint naandaa maazimio ya kazi, mitihani, mahesabu ya shamba, kila kitu bila shida. Juzi pini ya chaji ikalegea, ukigusa waya inakata. Nikapanda gari nikaipeleka Mtwara mjini kwa fundi mmoja, tukapatana elfu 25, nikamwambia kwa mdomo na nikaandika kwenye karatasi tukaibandika kwa selotepu juu ya mfuniko: PINI YA CHAJI TU. Na namba yangu ya simu chini.

Jioni narudi, kijana anaifungua pale kaunta anatabasamu, naona Windows 10. Miguu ikaniisha nguvu. Namuuliza hii nini, ananijibu "ticha ilikuwa haina Windows, kuna kitu kingine kilikuwa kinaomba pasiwedi, nikajua kirusi kimeifunga, nikaona nikusaidie, nimekupigia Windows na ofisi yake kabisa, na hela ya hiyo sikudai." Nikaufunga mfuniko. Karatasi yangu bado ipo palepale, selotepu haijanyanyuka hata pembe.

Hivi mafundi mnaelewa kwamba kompyuta ikiomba pasiwedi maana yake ina mwenyewe? Namba yangu iko mbele ya macho yako, dakika moja ya simu ilikushinda nini? Pini ya chaji huhitaji kuingia ndani ya mashine kuipima, chomeka, angalia taa, tikisa waya, umemaliza. Na hicho unachokiita kirusi ndicho kiini cha Android iliyopo mkononi mwako, Linux hiyohiyo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Hukijui sawa, hakuna anayejua kila kitu, lakini usichokijua ndio unakifuta? Alafu umeniwekea Windows 10 ambayo Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, tena ya wizi, imeamshwa na kiprogramu cha kuokota mtandaoni na ulinzi wake umezimwa ili hicho kiprogramu kipite. Huo ndio msaada.

Sasa nilichopoteza, maana ili apige Windows aliifomati diski, yaani aliifuta. Mahesabu ya korosho ya shamba letu la Tandahimba misimu mitano, kilo za kila mnada, mifuko ya salfa, vibarua, hayo nitayajenga upya kwa stakabadhi za AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, hata ikichukua mwezi. Kinachoniuma ni sauti za bibi yangu. Faili 14. Nilikaa naye barazani likizo ya Desemba, simu nimeilaza juu ya kinu kilichopinduliwa, anasimulia kwa Kimakonde cha kwao walivyovuka Ruvuma yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, kuna sehemu anakatisha hadithi anamfukuza kuku kwenye mtama kisha anarudi palepale alipoachia. Bibi ameshafariki. Simu niliyorekodia iliingia maji. Sauti zilikuwa kwenye laptopu peke yake, hadidiski yangu ya nje ilikuwa imejaa na nilikuwa nangoja mshahara ninunue nyingine. Mtakuja kusema bakapu bakapu, nalikubali kosa hilo kwa moyo wote, ila kutokuwa na bakapu hakumpi fundi ruhusa ya kufomati.

Na wengi hamjui hili: ukifomati haraka, data haifutiki yote palepale, kinachopotea ni ile orodha inayoonyesha kila faili liko wapi, faili zenyewe zinabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwahiyo mashine ilitakiwa isiguswe. Mimi nimefika nyumbani nimeishiwa nguvu nikaiweka mezani nikaenda kuoga, mwanangu kaiwasha kwa furaha ya kuona sura mpya, kaweka pasiwedi ya ruta, Windows ikaanza kushusha apdeti. Nakuja kushtuka bando la GB 10 lote limekwisha, na kila GB iliyoingia imekwenda kulala juu ya faili zangu. Mtoto simlaumu.

Nimeiwasha kwa flashi ya Mint bila kugusa diski, nikaanza na TestDisk, programu ya kutafuta data iliyopotea, ikaiona patisheni (sehemu ya diski) ya zamani lakini folda zimevurugika. Nikapitisha PhotoRec, nyingine ya kuokoa faili moja moja, usiku kucha huku naombea umeme usikatike, nimehamishia kwenye diski ya kuazima. Imerudisha maelfu ya faili, majina yote yamepotea, ni herufi f na tarakimu ndefu, nafungua moja moja. Sauti za bibi nimepata 3. Moja inakatika pale anaposema jina la kijiji walichofikia.

Kuna mwalimu mwenzangu ananiambia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa mtu anayeharibu data ya mwenzake kwa makusudi, twende polisi. Sitaki kumfunga kijana, ana familia. Nilirudi kwake nikamwambia sauti za nani zilikuwa mle, akaniambia "pole ticha, ila Windows si inafanya kazi?" Hapo ndipo nilipoona niandike huu uzi.

Kama kuna mtu Mtwara, Masasi au Lindi ana uzoefu wa kuokoa faili za sauti zilizokatika vipande kwenye ext4 (mpangilio wa faili unaotumiwa na Linux), aje inbox, nauli na gharama nalipa. Diski nimeichomoa, ipo kwenye bahasha kabatini na haitawashwa tena mpaka nipate mtu.