Taa kubwa za pikapu huzima na kurudi zenyewe: naombeni ushauri kabla ya safari ya Alhamisi

Mkulima wa Ilula
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina Hilux ya mwaka 1996, ya injini ya dizeli ya 3L, inayonibebea matenga ya nyanya kutoka Ilula hadi soko la Ilala, Dar es Salaam. Tangu mwezi uliopita taa kubwa za mbele huzima zote mbili kwa pamoja baada ya mwendo wa nusu saa hivi, kisha baada ya dakika chache hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Juzi zilizima nikiwa kwenye kona za mlima Kitonga, nyuma yangu lori, mbele yangu giza tupu, na hadi leo nikifumba macho naiona kona ile. Balbu nimebadilisha mara 3, fyuzi ni nzima, betri ni mpya. Je, taa za LED zitaondoa tatizo hili? Alhamisi usiku nina mzigo.

Babu wa Lori
Mwanangu, pole sana. Nimeendesha malori ya Tunduma kwa miaka 22, na usiku mmoja taa zangu zilizima ndani ya hifadhi ya Mikumi, pale barabara kuu inapokatiza mbugani. Nilisimama, nikawasha taa za hazadi, na katika ule mwanga wa kuwaka na kuzima nikaona miguu ya tembo ikipita mbele ya bampa, mmoja baada ya mwingine, hata nikaacha kuhesabu. Kwangu mimi ilikuwa terminali ya betri iliyolegea. Kaza terminali zako.

Mama Matenga
Kaka, umeme siujui, nyanya nazijua. Nyanya iliyochumwa inapoanza tu kubadilika rangi huvumilia safari ya mchana, mradi turubai lisizibe hewa. Ondoka alfajiri. Dalali atakupunguzia bei kwa sababu umechelewa soko la asubuhi, lakini watoto wako watakuona jioni. Kwa nini lazima usiku?

Fundi wa Nyaya
Mkuu, kabla ya LED naomba majibu manne. Taa zikizima, taa ndogo na za dashibodi hubaki? Ukiutikisa mkono wa taa pale kwenye usukani, hurudi? Umewahi kusikia harufu yoyote? Na balbu ulizoweka ni za wati ngapi?

Mkulima wa Ilula
Taa ndogo hubaki zikiwaka. Mkono nikiutikisa, wakati mwingine hurudi. Naomba tusiache swali langu la LED, kwa maana nimekwisha kulipa nusu ya bei, na muuzaji amenihakikishia kwamba ndizo dawa.

Fundi wa Nyaya
Wati ngapi, mkuu? Na harufu?

Mkulima wa Ilula
Ni balbu za wati 100 kwa 90, yaani 100 kwa taa za juu na 90 kwa za chini. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliniwekea mwezi uliopita, nami sikulitaja kwa sababu sikuona linavyohusika: zilimulika vizuri mno wiki ile ya kwanza. Harufu ya plastiki ipo, ila nilidhani ni breki za malori yanayoshuka Kitonga. Naomba mnielewe, ukungu wa mlimani ni mzito, na taa za kiwandani hazikunitosha. Anayenilaumu na apite pale saa 9 usiku akiwa na mzigo.

Mwenye Shaka
Mniwie radhi, lakini kisa hiki sikisadiki. Kila taa ina fyuzi yake na balbu yake. Inakuwaje zote mbili zizime kwa sekunde ileile na fyuzi zote zibaki nzima? Tena mwenye uzi ameitaja LED tangu mwanzo, akairudia alipoulizwa jambo jingine kabisa. Nimeona visa vya namna hii ambavyo mwishoni huibuka muuzaji na namba ya simu.

Babu wa Lori
Mwenzetu ametaja Kitonga kama mtu aliyepita. Tusimhukumu upesi.

Fundi wa Nyaya
Ndugu Mwenye Shaka, hoja yako ina msingi, lakini jambo hili linawezekana, na ndilo linalowapoteza mafundi wengi. Katika Hilux nyingi za miaka ile, chanya hufika kwenye balbu kupitia fyuzi ya kila upande, ila swichi hukata hasi. Hasi ya taa zote mbili hupita katika kontakti moja ndani ya mkono wa taa kabla ya kufika kwenye bodi. Kontakti hiyo ikiachia, taa zote huzima kwa pamoja na fyuzi haziguswi. Fundi akichomeka taa ya kupimia kwenye soketi huona umeme upo, basi lawama huiangukia balbu, nawe unanunua nyingine.

Sasa tazameni mzigo wenyewe. Balbu mbili za wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 10. Mbili za wati 100 huvuta karibu 17. Joto kwenye kontakti hukua kwa mraba wa mkondo, yaani karibu mara 3. Plastiki hulainika, kontakti huachia, ikipoa hushika tena: ndiyo nusu saa yako hiyo na dakika zako chache.

Mkulima, pima hivi. Taa zikiwa zimezima huku swichi iko kwenye taa kubwa, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, na mwekundu uguse nyuma ya soketi ya balbu bila kuichomoa. Ukipata karibu volti 12 kwenye waya wa chanya na pia kwenye ule wa hasi, hasi imekatika. Taa zikiwaka, waya huo wa hasi usizidi nusu volti.

Kuhusu LED: kwa kuwa huvuta umeme mdogo, zitaficha kontakti iliyoungua kwa muda tu. Tena seti nyingi zimetengenezewa magari yanayokata chanya, hivyo kwako taa za juu huenda zisiwake, na rifleta, yaani kioo cha ndani ya taa, iliyotengenezewa balbu ya kawaida ya H4 hutawanya mwanga wa LED ukampofusha dereva anayekuja. Rudisha balbu za 60 kwa 55, badilisha mkono wa taa, kisha weka rilei 2, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme, na waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, wenye fyuzi yake jirani na betri. Hapo swichi itabeba ule umeme mdogo tu wa kuamsha rilei.

Mkulima wa Ilula
Nimepima jioni hii. Chanya 12.3, hasi 12.1. Nimefungua kifuniko cha usukani: soketi ya mkono wa taa imegeuka kahawia, na pini moja imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Balbu za wati 100 nimezitoa. Muuzaji wa LED amekataa kurudisha fedha, ila amekubali nichukue rilei na waya kwa thamani ileile. Mkono wa taa wa mtumba utafika kwa basi Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi gari halitoki. Mama Matenga, matenga 18 yatapanda Fuso ya jirani saa 11 alfajiri; nauli yake imeniuma, lakini nimekubali.

Mwenye Shaka
Nakuomba radhi, ndugu. Nilikosea.

Mkulima wa Ilula
Yamekwisha. Fundi, waya mpya wa hasi wa balbu niufunge wapi?

Fundi wa Nyaya
Kwenye bolti ya bodi karibu na betri. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake.