Chanjo ya mkanda wa jeshi: mdogo wangu ameitwa, mimi nimeambiwa nisubiri

Mama wa Pangani (Reading, Uingereza)

Wanajamvi, salamu. Nina umri wa miaka 67, ni mzaliwa wa Pangani, na nimeishi hapa Reading kwa miaka 22. Mdogo wangu, aliyezaliwa Novemba 1959, alipokea ujumbe kutoka zahanati yake akiitwa kuchanjwa dhidi ya mkanda wa jeshi, akaenda, akachomwa sindano bila kulipa chochote. Mimi niliyemwachia ziwa, mzaliwa wa Machi 1958, nilipouliza katika zahanati yangu niliambiwa kwamba umri wangu bado. Nilidhani mpokezi amekosea hesabu, nikarudi kuuliza, na jibu likawa lile lile.

Katikati ya Januari ninatarajia kwenda Tanga kwa miezi minne, nami ningependa kujua kama inafaa kulipa mwenyewe kabla ya safari. Sikumbuki kama niliwahi kuugua tetekuwanga, na waliokuwa wakijua wametangulia mbele ya haki. Lipo na jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Kwetu miaka ya tisini, mtu akitokewa na mkanda wa jeshi, majirani walikuwa wamekwisha kumhukumu kabla malengelenge hayajakauka. Wanangu hawaelewi kwa nini hadi leo nashusha sauti ninapoutaja ugonjwa huo.

Muuguzi Mstaafu (Leeds)

Shikamoo mama. Mpokezi hakukosea, ingawa utaratibu wenyewe ni mgumu kuueleza dirishani. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2023, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa hapa Uingereza, humwita kila anayetimiza miaka 65 tangu siku hiyo na kuendelea, pamoja na walio na miaka 70 hadi 79. Wewe ulitimiza 65 Machi 2023, miezi michache tu kabla ya mlango kufunguliwa, kwa hiyo utaitwa utakapofikisha 70, Machi 2028. Wenye kinga ya mwili iliyodhoofika sana, kwa mfano kwa sababu ya tiba ya saratani, hawasubiri umri huo; tangu Septemba 2025 huchanjwa kuanzia miaka 18. Kama unatumia dawa za kushusha kinga, mwambie daktari wako.

Kuhusu tetekuwanga, hakuna haja ya kupimwa damu wala kukumbuka. Virusi vyake, ambavyo ndivyo huleta mkanda wa jeshi, havitoki mwilini baada ya mtu kupona; hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kwa miongo mingi, na kinga inapolegea huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja wa mwili kama nusu ya mkanda. Miaka ile unayoitaja, vijana wengi walitokewa nao kwa sababu VVU vilikuwa vimeidhoofisha kinga yao, na watu wakaunganisha majina hayo mawili. Lakini uzee nao, peke yake, huipunguza kinga hiyo hiyo. Mzee wa miaka 70 mwenye mkanda wa jeshi hana la kueleza kwa jirani yeyote.

Chanjo inayotumika sasa, Shingrix, haina virusi hai. Ni dozi mbili, na kwa wanaolipa huachana kwa miezi 2 hadi 6. Ukichelewa hutaanza upya, ila usiiache ya pili. Ukianza kwa kulipa, jiandae kulipia zote mbili.

Mzee wa Kisauni (Milton Keynes)

Dada yangu, mimi niliuonja nikiwa na miaka 68, katika pengo hilo hilo la kusubiri. Ulianza kwa kuungua chini ya mbavu za kulia, nami nikaamini kwamba nimejitegua kwa kubeba sanduku. Siku ya tatu vikatoka vipele. Nilijipaka mafuta ya nazi nikanyamaza, kwa sababu tangu utotoni nilisikia kwamba ncha mbili za mkanda huo zikikutana mtu hufa, nami kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikipima zimefika wapi. Nilipomwona daktari siku tano zilikuwa zimepita tangu vipele vitoke, naye alinieleza kwamba dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Vipele vilikauka kwa wiki tatu. Maumivu yalikaa miezi minane. Hata fulana ikinigusa niliruka.

Nilichanjwa nilipofika 70. Mkono uliuma siku mbili na usiku wa kwanza nilitetemeka kwa baridi chini ya mablanketi mawili. Ningetetemeka wiki nzima kwa hiari yangu kuliko kuirudia miezi ile. Duka la dawa la mtaani kwetu linatoza zaidi ya pauni 200 kwa kila dozi, kwa hiyo ulizia zaidi ya duka moja.

Mpwa wa Columbus (Ohio)

Shikamooni. Kwa walio Marekani, chanjo hii hupendekezwa kuanzia miaka 50, na tangu Januari 2023 mwenye Medicare Part D, yaani sehemu ya dawa ya bima ya serikali kwa wazee, halipi kitu. Tatizo ni wazazi tuliowaleta karibuni: mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ambaye hana historia ya kazi huku lazima akae miaka mitano mfululizo kabla ya kuruhusiwa kununua Medicare. Mama yangu yumo katika kundi hilo, nasi tumeanza kuulizia kliniki ya kaunti.

Mama wa Pangani

Marahaba wanangu, na asante kaka yangu wa Kisauni. Habari ya kioo imenimaliza. Binti yangu amepiga simu maduka matatu, na moja limetupa nafasi Jumanne ijayo, wiki ya kwanza ya Desemba. Nikirudi katikati ya Mei, itakuwa miezi mitano na siku chache, na dozi ya pili nitaipata ndani ya muda. Wanangu wamechanga fedha. Mdogo wangu amesema atanisindikiza na kunishika mkono, kwa kuwa katika jambo hili yeye ndiye mkubwa.