Je, kazi ambayo mtu haoni faida yake inaweza kudhuru mwili?

Karani wa Hati ameuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mimi ni mtumishi wa halmashauri katika idara ya fedha, na kazi yangu ni kukagua hati za malipo: nahakikisha viambatisho vimetimia, saini zipo na kifungu cha bajeti ni sahihi, kisha nampelekea mkubwa wangu, ambaye huzikagua upya kana kwamba mimi sikuzigusa. Mshahara unaingia kwa wakati na sina ugomvi na mtu. Hata hivyo, tangu nilipoacha kufundisha shule ya msingi na kuhamia huku, usingizi umepungua na presha imepanda hadi nimeanzishiwa dawa. Daktari amenishauri nipunguze chumvi na nitembee zaidi, nami natii. Je, kazi ya namna hii inaweza kuwa imechangia, au natafuta tu kisingizio cha kurudi darasani?

Msomaji wa Afya ya Jamii amejibu:

Hutafuti kisingizio, ingawa hakuna mtu humu anayeweza kusema kwa hakika kilichopandisha presha yako wewe. Utafiti unaokaribia zaidi swali lako ulifanyika kwa makarani kama wewe. Mwaka 1967, watafiti jijini London walianza kufuatilia afya ya wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali, kundi linalojulikana kwa jina la Whitehall. Hawa hawakuwa mafukara wala wachimba migodi. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, na matibabu waliyapata katika mfumo mmoja wa afya ya umma. Pamoja na hayo, kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vya ugonjwa wa moyo vilivyoongezeka, ngazi kwa ngazi, hadi kwa matarishi na mabawabu waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Sigara, shinikizo la damu na lehemu (aina ya mafuta kwenye damu) vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi 10,308 wanaume na wanawake chini ya Michael Marmot, ulichunguza kazi yenyewe. Ulibaini kwamba watu wasio na sauti juu ya namna wanavyofanya kazi zao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo, katika maelezo yako, kilichonishtua si hati za malipo, bali ni yule mkubwa anayezikagua upya. Hati ya malipo ina maana kubwa kwa fundi anayesubiri fedha zake. Wewe umenyimwa tu nafasi ya kuamua lolote juu yake.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Naomba nipinge kidogo, kwa sababu watu wanaongea kana kwamba kazi yenye maana ni dawa. Mimi niko wodi ya wazazi na sijawahi kutilia shaka faida ya kazi yangu hata siku moja, lakini wenzangu wengi wana presha na maumivu ya mgongo. Neno "wito" limetumika mno kutufanya tuunganishe zamu bila chakula wala malipo ya ziada. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Makadirio hayo yalihesabu saa. Hayakuuliza kama mtu anaipenda kazi yake. Kabla hujarudi darasani, kaka, kumbuka una watoto wangapi mbele yako na madaftari mangapi ya kusahihisha usiku.

Mstaafu wa Reli amejibu:

Kijana wangu, usiandike barua ya kuacha kazi. Bima ya afya inayokulipia dawa imefungamana na ajira hiyo, na dawa za presha hazisubiri. Isitoshe, kusudi la maisha si lazima litoke kwa mwajiri. Kule Ohsaki, Japani, watu zaidi ya 43,000 waliulizwa kama wana jambo linalowafanya waone maisha yana thamani, kisha wakafuatiliwa kwa miaka saba. Waliojibu hapana walifariki kwa wingi zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Hawakuulizwa kuhusu ajira, waliulizwa kuhusu maisha. Fundisha masomo ya jioni mtaani kwako, uone kama usingizi utarudi.

Msomaji wa Afya ya Jamii amejibu:

Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu bima, ila utafiti wa Ohsaki tuusome kwa tahadhari, kwani mgonjwa naye hupoteza hamu ya maisha kabla ya kufariki. Watafiti walizingatia maradhi ambayo watu walikuwa nayo tangu mwanzo na tofauti haikufutika, lakini huo bado ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo. Masomo ya jioni sawa. Ila pia amwombe mkubwa wake amwachie aina moja ya malipo, hata kama ni posho za safari tu, aikamilishe mwenyewe hadi mwisho. Na vidonge aendelee navyo hadi daktari atakaposema vinginevyo.