Tupeane uzoefu: mmekalia nini katika sebule za boti zenu?

Binti wa Himbi (Goma)

Wazazi wetu na ndugu zetu wa Ziwa Kivu, nawasalimu kwa heshima. Jana niliingia katika boti ambayo baba amejinunulia kwa akiba ya miaka mingi ya kazi, boti ya mbao yenye urefu wa mita 9 na chumba kimoja kilichofunikwa katikati, nikamkuta ameketi juu ya benchi tupu, amelikunja koti lake akalikalia. Hakulalamika hata neno moja. Lakini alipotaka kusimama alishika ukuta kwa mikono miwili, akangoja kidogo, ndipo akajisukuma. Ana umri wa miaka 72. Hapo nikakumbuka safari zetu za utotoni za kwenda Bukavu usiku kucha, jinsi tulivyofika alfajiri tukishindwa kunyoosha migongo, nikajiapia kwamba mzee huyu hatakwenda kuwaona wajukuu wake wa kisiwa cha Idjwi kwa mateso yale.

Chumba kina urefu wa sentimita 280 na upana wa sentimita 210, na fedha niliyo nayo kwa ajili ya viti haizidi dola 200. Naomba kila mmoja aeleze alikalia nini na alijutia nini.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Binti yangu, umenigusa, kwa sababu kosa nitakalokusimulia nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Tulipotengeneza boti ya familia nilichukua matela (magodoro) mbili za zamani za watoto, nikazikata kwa kisu cha jikoni, nikazishonea foronya nzuri za pamba za rangi ya kijani, nikazilaza juu ya masanduku ya mbao yaliyozibwa pande zote. Wiki mbili za kwanza kila mgeni alisifu. Mvua za Oktoba zilipoanza tuliifunga boti kwa siku 20, na niliporudi, harufu ndiyo iliyonipokea mlangoni. Mto wa kwanza nilipouinua nilikuta upande wake wa chini umekuwa mweusi kwa ukungu, na ubao umelowa ilhali hakuna tone la ziwa lililoingia ndani.

Baadaye nilielewa kwamba maji yale yalikuwa pumzi zetu wenyewe na hewa ya mvua. Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, usiku unapoa, ubavu wa boti unakuwa baridi, na unyevu wote wa chumba unakwenda kugeuka matone mahali pale ambapo hewa haipiti, yaani chini ya mto. Nilitupa kila kitu, na dola 60 za kushonesha zikaenda na maji. Kwa hiyo nakusihi: usinunue hata sentimita moja ya sponji kabla seremala hajazitoboa hizo mbao za kukalia.

Jirani wa Keshero (Goma)

Ukungu huo naujua. Ulitumalizia mito yote 6 katika msimu mmoja.

Fundi wa Katindo (Goma)

Mama wa Nguba amesema kweli kuhusu hewa, nami naongeza vipimo. Badala ya ubao mzima, mwambie seremala apige vipande vyembamba vya mbao vyenye upana wa sentimita 5 na kuacha nafasi ya sentimita 2 kati ya kimoja na kingine. Ikiwa ubao mzima umeshapigiliwa, atoboe matundu makubwa yanayopitisha kidole gumba, safu kwa safu, na mto usigusane kabisa na ubavu wa boti.

Sasa tuje kwenye sponji, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa. Muuzaji atakuonyesha unene, lakini unene si uzito. Sponji ya matela rahisi inaweza kuwa na kilo 18 tu kwa mita moja ya ujazo. Ukiikalia siku ya kwanza unafurahi, na baada ya miezi michache unaukalia ubao. Sponji ya kukalia inatakiwa kuwa na kilo 30 au zaidi kwa kipimo hichohicho. Hakuna haja ya kumwamini mtu yeyote kwa maneno, kwa sababu mzani wa sokoni unatosha kukuambia ukweli: kipande chenye urefu wa sentimita 190, upana wa 60 na unene wa 10, kikiwa cha kilo 30, kitakuwa na uzito wa karibu kilo 3 na nusu, na kikiwa cha kilo 18 kitapungua kiasi hata kifikie kilo 2 hivi. Nimewaona wateja wakilia kwa tofauti hiyo ya kilo moja na nusu. Tena unene usiwe chini ya sentimita 10 kwa mtu mzima, na kwa mzee wa miaka 72 ningeweka 12.

Kijana wa Kituku (Goma)

Kwa heshima zote, Fundi, haya yote ni gharama za bure. Sisi tunaopakia sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na ndizi kila juma tunatumia viti vya plastiki. Vinaoshwa kwa ndoo moja ya maji, havishiki ukungu wala harufu ya samaki, na kikivunjika unanunua kingine. Kwa dola 200 dada yetu atapata viti vya ukoo mzima. Kama anataka mito basi aifunike kwa skai (ngozi ya bandia), aachane na vitambaa.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Mwanangu, skai usinipendekezee. Jua la saa nane linapopenya dirishani, skai inashika ngozi ya miguu mpaka unasimama kwa maumivu, na baada ya miaka miwili mbele ya dirisha inapasuka kama udongo wa kiangazi. Mimi sasa nina kitambaa cha poliesta kigumu, chenye foronya za kuvua, nikianika asubuhi kimekauka kabla ya chakula cha mchana.

Kijana wa Kituku (Goma)

Na ukimwagikiwa na mafuta ya kupikia juu ya kitambaa hicho, Mama, utakianika mara ngapi? Skai unaifuta kwa kitambaa chenye sabuni na safari inaendelea.

Fundi wa Katindo (Goma)

Nyote wawili mnasema kweli, ila mnasahau mshono. Skai yenyewe haipitishi maji, lakini tundu la sindano linapitisha, na maji yakishaingia hayana njia ya kutoka. Ndiyo maana mimi nikishona mto wa skai naweka upande wa chini kitambaa cha wavu ili upumue, na ninatumia uzi wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba unaoza ndani ya mshono bila mwenye mto kujua.

Mkwe wa Minova

Nilikuwa nasoma bila nia ya kuandika, lakini viti vya plastiki vilipotajwa mikono yangu ilianza kutetemeka. Niruhusuni nieleze.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2016, wakati wa kiangazi ambapo upepo wa kusini unaamka bila kumshauri mtu. Baba mkwe wangu alikuwa amehamisha fotei (makochi) za sebule yake ya nyumbani, moja ya watu watatu na mbili za mtu mmoja mmoja, akaziweka katika chumba cha boti ili mama mkubwa wake, aliyekuwa na miaka 80, asafiri kwa heshima. Zilikuwa fotei nzuri za mbao nyekundu. Ile kubwa ilibebwa na wanaume wanne. Pembeni ya fotei hizo palikuwa na viti 5 vya plastiki kwa ajili yetu vijana. Hakuna hata kimoja kilichofungwa kwenye sakafu.

Tuliondoka Goma alasiri. Kabla hatujajikinga kwenye ubavu wa Idjwi, mahali ziwa linapokuwa wazi, wimbi la kwanza lilitupiga ubavuni. Viti vya plastiki viliteleza vyote pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizi, vikaziba mlango. Wimbi la pili likaiinamisha boti kulia, na ile fotei ya watu watatu ikaanza kutembea. Sikuwahi kujua kwamba kiti kinaweza kutembea. Ilivuka chumba kizima, ikamkuta mama mkubwa ameshika nguzo, ikambana mguu ukutani. Yeye hakupiga kelele. Aliita tu jina la marehemu mume wake.

Jambo lililonitia hofu kuliko mguu ule lilikuwa boti yenyewe. Kwa vile fotei ilikuwa imehamia kulia, na sisi sote tulikuwa tumeikimbilia kulia ili tuiinue, boti haikurudi tena katikati. Ilibaki imelala upande, na maji yakawa yanalamba ukingo. Nahodha alipaza sauti kwamba nusu yetu warudi kushoto. Mtu fulani akaita jile, yaani majaketi ya kuokolea. Jile zilikuwamo, zilikuwa 12, lakini zilihifadhiwa ndani ya benchi la nyuma ambalo kifuniko chake kinafunguka kwa juu, na juu ya kifuniko hicho palikuwa na mto, na juu ya mto palikuwa na watoto wanne waliokumbatiana na hawakukubali kushuka. Tulizipata wakati upepo ulikuwa umeanza kutulia. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kila siku. Mama mkubwa aliishi miaka mingine mitatu, akitembea kwa fimbo.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya sponji, skai na kitambaa, uliza kwanza swali moja: kiti hiki kimefungwa kwa kitu gani, na kitafunguka kutoka wapi?

Jirani wa Keshero (Goma)

Pole sana, Mkwe. Nimesoma mara mbili. Watoto wale wanne wako salama hadi leo?

Mkwe wa Minova

Wako salama. Mkubwa wao sasa anasoma chuo kikuu Bukavu, na hapandi boti.

Nahodha Mstaafu (Bukavu)

Nimeongoza boti katika ziwa hili kwa miaka 31, na ninathibitisha kila neno la Mkwe. Uzito unaohama ni hatari kuliko uzito mkubwa uliotulia. Benchi lifungwe kwenye mbavu za boti kwa bolti zenye nati na vipande vipana vya chuma upande wa pili. Misumari pekee itang'oka. Liwe chini iwezekanavyo, na vitu vizito kama magunia ya makala (mkaa) viwekwe ndani ya benchi karibu na sakafu. Jile kamwe zisikae chini ya matako ya watu. Benchi lifunguke kwa mbele, au jile zitundikwe ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mtoto anaweza kuzifikia.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Sponji hizi zikishika moto, moshi wake una sumu, na katika chumba kidogo unaangusha watu kabla ya mwali kuwafikia. Mbabula (jiko la mkaa) isiingizwe katika chumba chenye mito, hata kama ni kwa ajili ya chai ya mzee.

Kijana wa Kituku (Goma)

Mkwe, naomba radhi. Nilizungumza kama mtu wa mizigo, kumbe anayetafutiwa kiti ni mzazi. Viti vyetu navyo nitavifunga kwa kamba kuanzia kesho. Kuhusu skai, msimamo wangu haujabadilika.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Wala wangu haujabadilika, mwanangu.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Kwa kuwa fedha ni dola 200, nashauri benchi moja litumike mchana na usiku. Upana wa sentimita 60 unatosha kulala lakini ni mwingi mno kwa kukaa, maana miguu ya mtu mfupi inaning'inia na mgongo hauufikii ukuta. Sisi tuliweka mito ya mgongo yenye unene wa sentimita 12, ikabaki nafasi ya kukaa ya sentimita 48, na usiku tunaiondoa tunapata kitanda. Ukuta wa nyuma uinamishwe kidogo, kwani mgongo ulionyooka kama rula unachoka kabla ya kufika Kalehe. Na pima paa: kuanzia mahali anapokalia mtu hadi juu pawe na sentimita 90 au zaidi, ili asiinamishe shingo safari nzima.

Binti wa Himbi (Goma)

Nimesoma yote nikiwa na baba, na hadithi ya Mkwe alitaka nimsomee tena. Kisha tulifanya jaribio. Tulipanga mbao na blanketi zilizokunjwa, tukampandisha kidogo kidogo. Kwenye sentimita 38 alihitaji mikono yote miwili kusimama. Kwenye 48 visigino vyake viliacha sakafu. Kwenye 44 alisimama peke yake, akaketi, akasimama tena, akatuangalia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Basi seremala atatengeneza sanduku la sentimita 34, na mto wa 12 utakaodidimia kama 2 hivi chini ya uzito wake. Benchi la kushoto litakuwa na urefu wa sentimita 190 ili alale, la kulia 120 kwa ajili ya mlango, yote yakifungwa kwa bolti na kufunguka mbele. Jile zitakuwa ukutani. Ameomba pia kishikio cha mbao karibu na mkono wake wa kulia, jambo ambalo sisi watoto hatukulifikiria.

Kitambaa kitakuwa poliesta juu na wavu chini. Kijana wa Kituku anisamehe. Fundi, nakuomba Jumamosi uje nami sokoni, nami nitabeba mzani.

Fundi wa Katindo (Goma)

Nitakuja, tena mapema, kabla wauzaji hawajachoka kupimiwa.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Zipu iwe ya plastiki, binti yangu. Ile ya chuma itaota kutu na hutaweza kuivua foronya siku ya kufua.